Usingizi wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na panya wa kwanza amelala. Mambo yote mawili yalikuwa yamechelewa, mvua kwa sababu zake na panya kwa sababu ya mpira wa gesi uliokuwa ukivuja, tukahangaika nao wiki nzima.

Sanduku letu ni la kioo, halizidi begi la shule. Ndani kuna kifeni cha kuchanganya hewa na bakuli la chokaa ya kunyonya pumzi anayoitoa mnyama. Tunaingiza oksijeni ya kutosha, halafu gesi. Daktari anasisitiza hilo la oksijeni kila asubuhi kama anayetuapisha: ikipungua, tutakuwa tunapima mnyama anavyokosa hewa, si anavyolazwa na gesi. Panya alitembea, akapepesuka kama mlevi anayetafuta mlango wake, akakaa. Nikaliinamisha sanduku taratibu. Alipobaki chali bila kujigeuza, Daktari akabonyeza saa. Tulipomtoa aliamka, akajifuta pua, akatutazama kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tumelala.

Kazi yenyewe ni hii. Viwanda vya dawa za kupuliza, yaani manukato, dawa za mbu na rangi za makopo, vinatumia gesi za jamii moja na gesi ya kupikia ili kuisukuma dawa itoke. Idara ya usalama kazini inataka kujua kati ya gesi hizo ipi inalevya zaidi na ipi ni sumu zaidi, kwa sababu wanaozijaza wanazivuta kutwa. Mimi nilikuwa muuguzi wa dawa za usingizi katika chumba cha upasuaji kwa miaka mingi kabla Daktari hajanichukua. Kulaza viumbe ndiyo kazi niliyoizoea. Nashukuru kwamba bado ninaifanya, japo wagonjwa wangu siku hizi wana mikia.

Jumatano, 5 Machi

Paa linavuja juu ya meza ya chakula. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliahidi kuliziba tangu kiangazi. Leo amerudi kutoka kiwandani, amekaa kwenye kochi na buti zake miguuni, na kabla sijamaliza kumwambia habari za paa amelala fofofo. Jina lake la utani ni Kimya, walimpa utotoni kwa kuwa alikuwa anaongea mpaka majirani wanafunga madirisha. Siku hizi jina limekuwa la kweli.

Mama mkwe amemvua buti, amemfunika. Mimi nimeweka beseni mezani.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Beseni limejaa mara mbili.

Jumatano, 12 Machi

Tumemaliza propeni. Inalaza, lakini inataka kumiminwa nyingi sana, na panya anaamka chapuchapu. Buteni, ambayo mnyororo wake wa kaboni ni mrefu zaidi kidogo, inalaza kwa kiasi kidogo zaidi. Tulijaribu pia penteni, ambayo ni ndefu kuliko hizo: panya aliyeivuta alilala upesi, lakini alikohoa na kurusha miguu, na pengo kati ya kiasi cha kulaza na kiasi cha kuua lilikuwa jembamba mno. Daktari aliamuru tuiache.

Nilimuuliza kwa nini urefu unaongeza nguvu. Daktari ni mwanamke aliyekaribia kustaafu, hajibu swali bila kwanza kumaliza anachokifanya. Alikaza koki, akavua miwani.

"Gesi inayopenda mafuta inaupenda ubongo," alisema. "Ubongo una mafuta mengi. Mnyororo ukirefuka, gesi inapenda mafuta zaidi, inaingia zaidi, mnyama analala zaidi. Ila nguvu si usalama. Wewe umefanya kazi ya usingizi, unalijua hilo."

Hajawahi kunisifu hata mara moja, lakini hiyo sentensi ya mwisho nimerudi nayo nyumbani.

Jambo moja la kuishukuru mvua: hewa ikiwa na unyevu, nguo hazitoi cheche. Gesi hizi zinalipuka kwa cheche ndogo tu. Wakati wa kiangazi Daktari alitukataza sweta na nguo za nailoni, na Fundi Moyo, anayesimamia mashine ya kupima mapigo ya moyo, alikuja kazini na shati la pamba la mkewe lenye maua. Sasa amerudia mashati yake.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefua, hakuna kilichokauka.

Alhamisi, 20 Machi

Jana usiku nilikasirika. Kimya alilala akiwa na kijiko mkononi, sahani mbele yake. Mchuzi ulimwagika kwenye kitambaa nilichokifua juzi na kukikausha kwa pasi.

Tulipoingia chumbani nilimwambia mume wangu, "Mdogo wako anakaa hapa bila kushika hata ufagio. Paa linavuja. Mama anambeba kama mtoto mchanga."

"Kazi imemchosha," alisema.

"Kazi gani? Anabonyeza kitufe, kopo linajaa. Mimi nimesimama kutwa nzima."

"Na mimi nimesimama kutwa nzima. Unataka nimfukuze?"

"Nataka aamke."

Mume wangu alinyamaza. Ana tabia hiyo ya kunyamaza mpaka maneno yangu yanarudi masikioni mwangu. Kuta zetu ni nyembamba. Asubuhi mama mkwe amenipa chai bila kunitazama.

Jumanne, 25 Machi

Sijui nianzie wapi. Leo kumetokea kitu.

Tulikuwa na panya mkubwa, wa aina tunayotumia kwa vipimo vya moyo, amefungwa nyaya nyembamba za Fundi Moyo. Alikuwa kwenye buteni, kiasi cha chini, hata hakuwa amelala vizuri. Macho wazi, anasinzia. Mapigo yake kwenye karatasi yalikuwa yamepangika kama mshono wa cherehani. Kulikuwa na upepo, mvua inapiga ya upande. Mtu wa stoo alifungua mlango wa nyuma kuleta mtungi, upepo ukamnyang'anya mlango, ukagonga ukuta kwa kishindo.

Sote tulishtuka. Panya pia alishtuka. Mshono ule kwenye karatasi ukavurugika, mistari ikaenda ovyo kama mwandiko wa mtoto, kisha ikanyooka. Amekufa. Gesi aliyokuwa amevuta haikufika hata nusu ya ile inayoua.

Mtu wa stoo aliomba radhi, akidhani tatizo ni mlango. Fundi Moyo alikata ile karatasi, akaitandaza mezani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakufanya mzaha.

"Hakufa kwa usingizi," alisema. "Amekufa kwa hofu."

Daktari aliitazama karatasi muda mrefu. "Kwa vyote viwili," alisema. "Gesi imeufanya moyo uwe mwepesi kukasirika. Halafu mwili ulipoogopa ukamwaga adrenalini, ile homoni inayokusukuma ukimbie, na moyo haukuistahimili. Nimewahi kusoma habari hizi. Sikutegemea kuziona zikiletwa na mlango."

Kesho tutarudia kwa utaratibu: adrenalini kidogo kwa sindano, propeni upande mmoja, buteni upande mwingine. Nimekaa na picha ya yule panya. Wengi wamekufa mikononi mwetu na nimejifunza kujikaza kisabuni, lakini huyu alikuwa akitutazama.

Ijumaa, 28 Machi

Imethibitika. Chini ya propeni moyo unaruka kidogo kisha unatulia. Chini ya buteni unavurugika kwa dozi ya adrenalini ambayo panya mzima hata haihisi. Ndugu yake, isobuteni, yenye atomi zile zile zilizopangwa kwa namna nyingine, nayo ni vivyo hivyo. Daktari amebandika karatasi mlangoni: *Fungeni taratibu. Zungumzeni taratibu.* Fundi Moyo anatembea kwa ncha za vidole kama mwizi wa kuku.

Jumatatu, 31 Machi

Mto umefurika. Barabara ya viwandani iko chini ya maji, kiwanda cha Kimya kimefungwa mpaka maji yatakapopungua. Maabara yetu iko mlimani, nimeenda kwa miguu nikiwa nimeshika viatu mkononi.

Jumatano, 2 Aprili

Nimerudi nikasikia nyundo. Kimya alikuwa juu ya paa, mvua ya manyunyu inamchapa mgongoni, anaimba. Mama mkwe alikuwa chini ameshika ngazi kwa mikono miwili, anamwambia ashuke, na yeye anamjibu kwamba akishuka maji yatashuka naye.

Amelimaliza lote. Usiku huu mvua inanyesha na meza ni kavu.

Ijumaa, 4 Aprili

Siku nne sasa yuko nyumbani, na ni mtu mwingine. Anaamka kabla yangu. Amechonga mpini wa jembe la jirani. Amemfundisha mama mkwe kucheza karata, kisha akamwibia, kisha akakiri. Mezani alisimulia hadithi ndefu ya mbuzi aliyeingia ofisi ya meneja, mume wangu akacheka mpaka akatoka nje kukohoa.

Mimi nilikuwa nacheka pia, halafu nikaacha. Nilikuwa nayatazama macho yake, yalivyo meupe, yalivyo makini, nikawakumbuka panya wangu tunapowatoa kwenye kioo.

Nilimfuata jikoni alipokuwa anaosha vyombo. Ndiyo, alikuwa anaosha vyombo.

"Kimya, pale kiwandani mnajaza gesi gani?"

"Gesi ya makopo, shemeji."

"Jina lake?"

"Mtungi umeandikwa buteni. Zamani ilikuwa mchanganyiko, tangu mwaka jana ni hiyo tu. Kwa nini?"

"Ukiwa kazini unajisikiaje?"

Alicheka. "Tunalewa bure. Asubuhi uko sawa. Ikikaribia saa sita kichwa kinakuwa chepesi, mnacheka vitu visivyochekesha. Jioni ndiyo taabu, miguu kama si yako. Nikikaa tu, nimekwenda. Nimeshazoea."

"Madirisha?"

"Mvua ikinyesha tunafunga, la sivyo maboksi yanalowa. Na feni ya kutoa hewa haiwashwi, meneja alisema inatoa na joto la ndani." Akainua sahani kwenye taa kuona kama imetakata. "Mbona umenikodolea macho hivyo?"

Mwezi mzima nimekuwa nikimpima usingizi kila panya aliyeletwa mbele yangu, huku mtu wa nyumbani kwangu analazwa kila siku kwa gesi ile ile, na mimi nikimwita mvivu. Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha alivyoosha.

"Mwanangu hakuwa hivi," mama mkwe aliniambia baadaye, bila mimi kumuuliza. "Nilidhani ni mapenzi yamemwendea kombo. Niliona aibu kuuliza."

Jumatatu, 7 Aprili

Maji yamepungua, kiwanda kimefunguliwa. Kimya ameondoka akipiga mluzi. Nilimwomba asiende. "Nikibaki nyumbani nitakuwa mzigo wako, shemeji, na nikiwa mzigo umeshaniona nilivyo," alisema, akacheka, akaenda.

Nimemweleza Daktari. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua simu papo hapo na kumwomba meneja ruhusa ya kupima hewa ya kiwandani. Nilisikia sauti ya meneja ikikwaruza upande wa pili. Gesi, alisema, haina rangi, haina harufu, hakuna aliyelalamika, na sasa wana mzigo wa wiki nzima wa kufidia. Labda baada ya msimu.

Daktari alishukuru kwa adabu, akakata simu, akarudi kwenye mizani yake. Nikamwona mwanamke baridi kama jiwe la kusagia. Nimeandika hivyo na sasa naona haya, lakini ndivyo nilivyomwona.

Jumanne, 8 Aprili

Kimya amerudi, amelala na buti. Nimemvua mimi.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua kubwa. Kimya anasema mota ya feni imeingia maji katika mafuriko, haizunguki tena kabisa. Wanaongeza saa za kazi.

Alhamisi, 10 Aprili

Sasa naweza kuandika.

Asubuhi nilimkuta Daktari mlangoni amevaa buti za mpira na koti la mvua linalomfika kwenye vifundo, kipimo cha gesi kiko kwapani. "Tunakwenda," alisema. "Hatujaruhusiwa. Tutasimama nje ya lango na kupima kinachotoka chini ya milango. Nje ya lango hapahitaji ruhusa." Nikajua kumbe tangu Jumatatu alikuwa anatafuta kipimo cha kuazima, hakuniambia tu.

Tulikanyaga matope mpaka huko. Milango mikubwa ya bati ilikuwa imefungwa, mvua inaipiga kama ngoma. Kabla hatujafika, mlango mdogo wa pembeni ulifunguka na Kimya akatoka kinyumenyume, ameinama, anamburuta mwenzake wa mashine kwa makwapa. Akamlaza barazani. Wengine wakatoka nyuma yake wakipepesuka, kila mtu anapiga kelele. Mmoja akaanza kumpiga makofi yule aliyeanguka. Mwingine akaleta ndoo ya maji. Kimya alikuwa ametoa macho, kifua kinapanda na kushuka, akageuka akitaka kurudi ndani.

"Bado mmoja," alisema. "Nadhani bado mmoja."

"Hakuna, wote tumetoka," mtu akapiga kelele. "Mshikeni, amerukwa na akili. Mkimbizeni, mkimbizeni apate hewa, atembee haraka." Wawili wakamshika mikono, wakaanza kumvuta uwanjani wakimkimbiza, na yeye anapambana nao.

Nilimwona yule panya. Siwezi kusema vinginevyo. Niliuona mshono kwenye karatasi na upepo ukiuchukua mlango.

Nilitaka kupiga ukelele. Badala yake nilitembea. Nilijilazimisha kutembea, nikafika, nikaweka mkono begani kwa mmoja wao na kusema kwa sauti niliyokuwa naitumia chumba cha upasuaji, "Mwachieni. Mkalisheni. Taratibu." Labda kwa sababu nilisema polepole, walitii. Nyuma yangu nilimsikia Daktari, naye kwa sauti ya chini: fungueni milango yote, msiguse swichi hata moja, msiwashe wala msizime kitu, sogeeni mbali na jengo. Kisha akapiga magoti kwenye maji kando ya yule mwenzake Kimya, akamgeuza ubavu, akamnyooshea shingo apumue, na kumwondolea wenye makofi kwa kuwatazama tu.

Nilimlaza Kimya ubavu, kichwa chake juu ya mapaja yangu. Nikashika mkono wake. Mapigo yalikuwa yanaruka, yanasimama, yanaruka mawili kwa pamoja, kama mtu anayeshuka ngazi asizoziona.

"Bado mmoja," aliniambia.

"Wametoka wote. Nimewahesabu." Sikuwa nimewahesabu. "Tulia, Kimya. Nataka kukuuliza kitu cha nyumbani."

"Nini?"

"Pazia la sebuleni. Nimenunua kitambaa, nimekipima, kimepungua urefu. Sasa sijui niongeze kipande cha chini au nirudishe dukani."

Alinitazama kama mimi ndiye niliyelewa. Nikaendelea. Nilimweleza rangi, nilimweleza muuzaji alivyokata upande, nilimweleza ndoano zilizopungua. Uso wangu niliuweka kama uso wa mtu aliyekaa kibarazani kwake. Chini ya vidole vyangu moyo wake ulikuwa unasimama, na kila uliposimama na mimi nilisimama, kisha naendelea na pazia. Mtu mmoja aliyekuwa karibu alinong'ona kwamba huyu mwanamke hana moyo.

"Ongeza kipande," Kimya alisema mwishowe. "Cha kijani."

"Kijani kitalingana?"

"Hakitalingana. Ndiyo uzuri wake."

Na hapo chini ya vidole vyangu pigo likaja, na jingine, na jingine.

Hospitalini, yule mwenzake Kimya bado alikuwa hajazinduka vizuri, shinikizo la damu liko chini. Daktari wa zamu alikuwa na sindano ya adrenalini mkononi. Daktari wetu alimkaribia, akamweleza kwa maneno machache walichovuta na tulichokiona kwenye mashine zetu. Yule daktari aliiweka sindano kwenye sinia bila kubishana. "Nilikuwa nimeshaifungua," alisema. "Asante, mama." Akatumia njia nyingine, oksijeni na maji ya mshipani, na mgonjwa akarudi polepole.

Wako wodi moja, vitanda vinatazamana. Mume wangu amekaa baina yao. Mama mkwe alinikuta kwenye korido, akanishika mikono yote miwili, akainusa. Ilikuwa inanuka matope.

Ijumaa, 11 Aprili

Moyo wa Kimya umepiga sawasawa tangu asubuhi. Fundi Moyo amekuja kuwaona, ameitazama karatasi ya mashine ya wodini kama mtu anayekagua ushonaji wa mwenzake. "Mshono safi," alisema. Muuguzi hakuelewa, mimi nilielewa.

Meneja alikuja pia, amelowa chapachapa, hana mwavuli. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno. Alisimama miguuni mwa kitanda, akamsalimia Kimya.

"Na mimi kichwa kinaniuma kila alasiri," alisema baadaye, akiniambia mimi. "Ofisi yangu iko juu ya mashine. Nilifikiri ni miwani. Nimebadilisha miwani mara mbili."

Nilimpisha kiti.

Jumatatu, 14 Aprili

Wote wawili wameruhusiwa. Mvua ndogo.

Jumanne, 22 Aprili

Tumepima kiwanda kwa mwaliko. Daktari hakugomba, hakukumbushia ile simu. Aliweka tu kipimo karibu na mashine, chini kabisa, kwa sababu buteni ni nzito kuliko hewa na hukaa sakafuni kama maji. Kisha akamwomba meneja ainame asome mwenyewe. Meneja aliinama, akasoma, akakaa vile vile ameinama kwa muda. Alipoinuka alisema kazi haitaanza tena mpaka mashine zihamishiwe kwenye banda la wazi na feni ivute kutoka chini.

Njiani nilimwambia Daktari kwamba nilimfikiria vibaya ile siku ya simu.

"Niliona," alisema.

"Mbona hukuniambia unatafuta kipimo?"

"Je, kama nisingekipata? Ningekupa tumaini la bure." Akavuka dimbwi, akanigojea upande wa pili na kunipa mkono. Kumbe ana mkono wa joto.

Jumamosi, 3 Mei

Nguo zimekauka.

Jumanne, 6 Mei

Ripoti imekwenda kwenye idara. Kwa ufupi inasema hivi: katika gesi tulizolinganisha, inayolevya zaidi si lazima iwe ndiyo inayoua kwa kuvutwa nyingi, na inayoonekana salama kwa mnyama aliyetulia inaweza kumuua aliyeshtuka. Propeni ni dhaifu na ina afadhali kwa moyo. Buteni na ndugu yake zina nguvu zaidi, na anayezivuta asikimbizwe, asipigwe, asipewe adrenalini ovyo. Apelekwe kwenye hewa safi, atulizwe. Daktari ameongeza sentensi moja ya mwisho: kwamba hakuna gesi kati ya hizi ambayo mtu anapaswa kuizoea.

Fundi Moyo ameleta keki iliyopinda upande. Tumeila yote tukiwa tumesimama. Kabla ya kufunga nilipitia vyumba vya panya, nikawabadilishia maji mimi mwenyewe. Nilitaka kusema kitu, nikaona nitachekwa. Nikawabadilishia na matandiko.

Jumapili, 18 Mei

Mvua imekwisha. Ardhi bado laini, lakini mbingu imefunguka tangu juzi.

Kimya anarudi kazini kesho, kwenye banda la wazi. Nilikwenda kupima jana, kipimo hakikuinuka kwenye sifuri ila karibu kabisa na mdomo wa mashine. Mwenzake wa mashine tayari ameanza, alinionyesha kidole gumba kwa mbali. Nimeridhika, kadiri mtu anavyoweza kuridhika na jambo la namna hiyo.

Alasiri nilikuwa kibarazani nachambua mchele. Mume wangu na mama yake walikuwa ndani wanabishana juu ya karata. Kimya akaja akakaa kwenye ngazi, akachukua konzi ya mchele na kuanza kuchambua na yeye, vibaya.

"Shemeji, nataka kukuuliza kitu."

"Uliza."

"Siku ile sikumbuki mengi. Nakumbuka mvua. Nakumbuka ulikuwa unanieleza habari za pazia."

"Ndiyo."

"Mtu amelala kwenye matope, wewe pazia."

"Nilitaka usiogope."

Alitoa kijiwe, akakitupa uani. "Wewe uliogopa?"

"Sana."

"Haikuonekana."

"Ndiyo ilikuwa kazi yangu."

Ndani mama mkwe alikuwa ameshinda, tulimsikia akigonga meza. Kimya alingoja kelele zipungue.

"Basi sasa siogopi," alisema. "Moyo unapiga vizuri, hewa ni safi. Kile ulichotaka kuniambia siku ile, badala ya pazia, niambie."

Sikuwa nimejiandaa. Niliutazama mchele. Machozi yalikuja yenyewe, yale ya siku ile, yaliyokuwa yamekaa mahali fulani wiki zote hizi yakingoja zamu yao. Hakunigusa wala hakuondoka. Alishika sinia lisimwagike.

"Nilitaka kukwambia usife," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa maagizo na anayaweka akilini.

"Nimesikia, shemeji," alisema, akaendelea kuchambua.